Rangi ya Nyumba ya Jirani

Chini ya kitanda cha wazazi wangu hapakuwa na viatu wala masanduku. Palikuwa na makopo ya rangi, mengine yamesimama, mengine yamepinduliwa kichwa chini, yote juu ya vipande vya mbao ili yasiguse saruji. Chumba chao kilikuwa upande wa kivuli, na mama aliona kwamba rangi iliuhitaji ubaridi wa chumba kile kuliko sisi watoto. Nilikua nikidhani kila nyumba ya Kolwezi iko hivyo. Nilipogundua kwamba chini ya vitanda vya wenzangu kuna sufuria na magunia ya unga, nilirudi nyumbani kuuliza sababu, na mama akanipa jibu alilonipa karibu kwa kila swali: "We mama, ulizaliwa na kinywa ya jaji."

Aliniita mama, kama wanawake wa kwetu wanavyowaita binti zao. Kuhusu kinywa alisema kweli. Niliuliza kwa nini mwalimu wa dini anajua mawazo ya Mungu na hajui lini mshahara wa baba utatoka. Niliuliza kwa nini tuombe mvua inyeshe wakati bati letu linavuja. Baadaye nikaenda Lubumbashi kusomea sheria, na tabia ile ikapata cheti.

Makopo yale hayaeleweki bila kueleza kwanza rangi za Dilala, mtaa wetu. Tuliishi katika nyumba za kampuni ya mgodi, ambayo kila mtu aliiita Kampuni tu, kama vile nyingine haipo duniani. Baba alikuwa fundi katika karakana yake ya mashine. Kila baada ya miaka kadhaa wapakaji wa Kampuni walikuja na ngazi zao wakapaka safu nzima. Sehemu ya juu ya ukuta ilikuwa rangi ya maziwa. Chini, mpaka usawa wa kiuno, kulikuwa na mkanda wa rangi ya mafuta, wa kuzuia tope la mvua na mikono ya watoto. Mkanda ule ndio uliosema wewe ni nani. Safu yetu, ya mafundi na wachimbaji, ilikuwa kijani kama chupa. Safu iliyofuata, ya makarani, ilikuwa nyekundu kama tofali lililoiva. Hatukumuuliza mtoto mgeni shuleni baba yake ana cheo gani. Tulimsindikiza kwao, tukatazama ukuta.

Wapakaji walipomaliza, rangi iliyobaki waliiacha kwenye kila nyumba, ya kufunikia mikwaruzo. Hapo palikuwa na desturi ambayo sijaikuta mahali pengine: rangi ile ilikuwa ya nyumba. Familia iliyohamishwa ilichukua kila kitu mpaka misumari ya kutundikia nguo, lakini kopo la rangi lilibaki jikoni, likiwasubiri watakaoingia. Kuondoka nalo ilikuwa aibu, kama kuondoka na mlango.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika safu ya kijani. Jirani yetu alikuwa wa kwanza katika safu nyekundu, na kati yetu kulikuwa na ua wa miti uliokatwa usawa wa kifua, kiasi cha kutosha kupitisha sahani na matusi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwanya, mke wa karani. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Kolwezi, na Kasai aliijua kwa kusimuliwa. Mama yangu, ambaye watu wake ni wa kaskazini ya Katanga, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Waliitana vwazini, yaani jirani, kwa Kifaransa chetu, na waligombana kila siku kwa furaha.

"Vwazini, kuku yako iko kwangu, inatafuta bantu ba grade!" jirani aliita, yaani watu wa cheo.

"Uirudishe mbio. Kwako itakufa na njaa, munakula na uma, hamushibi."

Kisha Kampuni ikaanza kuanguka. Mimi nilikuwa mdogo, na kwangu anguko lile lilikuja kwa vitu vidogo: basi la wafanyakazi lililopita nusu tupu, unga wa Kampuni uliokoma kuja, wapakaji ambao hawakurudi. Kuta zikaanza kubabuka. Baba aliendelea kwenda karakana kila asubuhi na kurudi na mikono safi, jambo lililomtia haya. Hapo ndipo mama alipoanza kuyatazama mabaki ya rangi kama watu wengine walivyotazama akiba ya mahindi. Zamani wapakaji walipokuja aliwapa chai, na kila kikombe kilikuwa na swali lake. Aliyahifadhi majibu yao, na sasa akaanza kuyatumia.

Muda si mrefu ukaja wakati wa kufukuzwa. Vijana walipita barabarani wakiimba kwamba wenye asili ya Kasai warudi kwao. Waliwaita bilulu, wadudu. Walikuwa vijana tuliowajua, wengine mama aliwafundisha kusoma. Familia moja baada ya nyingine zilibeba vitanda na sufuria mpaka stesheni, zikalala hapo nje pamoja na watoto na wagonjwa, zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Yule karani alitangulia kulinda mizigo. Mke wake alibaki nyuma kufunga nyumba.

Nakumbuka alivyokuja kwenye ua, asubuhi, amevaa nguo tatu moja juu ya nyingine ili asizibebe. Mikononi alikuwa na makopo mawili ya rangi. Alikuwa ameyeyusha mshumaa na kuzungushia nta kwenye ukingo wa vifuniko.

"Vwazini, kamata."

Mama hakunyoosha mikono. "Hii inabakia munyumba. Njo desturi."

"Desturi ni ya bantu benye kuhama. Mi sihame. Mi banan'fukuza."

Mama aliyapokea. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge chake.

"Utakuwa unaipindua?" jirani akauliza.

"Ntaipindua."

"Isikufe."

"We fikiri safari yako. Penture, hii rangi, uniachie miye."

"Na usipakae nayo choo yako. Mi nakujua."

Wakacheka wote wawili, wakiwa wameshikana juu ya ua, na kicheko kikakatika ghafla kama mtu aliyefunga bomba. Jirani alimpa mama ufunguo wa nyumba mwishoni kabisa, kana kwamba ufunguo ulikuwa kitu kidogo kuliko rangi. Na kwa desturi yetu ulikuwa kitu kidogo. Mwenye ufunguo aliweza kuingia. Aliyepokea rangi alikuwa amekubali kwamba hakuna mwingine atakayehamia pale.

Nyumba zilizoachwa hazikukaa tupu. Nyingine zilivunjwa milango, nyingine zilipata wenyeji wapya kabla majivu jikoni hayajapoa. Mwanamume mmoja wa safu ya nyuma alianza kupita mbele ya nyumba ya jirani mara kwa mara, akitazama madirisha kama mtu anayepima suruali dukani. Siku moja alisimama, akamwambia mama kwamba ile nyumba haina mwenyewe.

Kesho yake, baba alipokwenda kazini, mama alitoa makopo yetu ya kijani. Alivaa shati kuukuu la baba, akafunga kichwa, akapaka mkanda wa nyumba ya jirani kutoka pembe mpaka pembe. Nyekundu ikapotea. Jua lilipoanza kushuka, nyumba mbili zilikuwa zimekuwa kama za mtu mmoja, na safu ya kijani ilikuwa imeongezeka nyumba moja.

Yule mwanamume alirudi. Nilikuwa nimekaa kizingitini na niliwasikia.

"Mama, hii nyumba nani aliipakaa?"

"Weye unaona rangi gani?"

"Kijani."

"Basi, sasa unauliza nini? Nyumba iko yetu. Batoto balikuwa bengi."

Aliutazama ukuta. Akaugusa, akatazama kidole chake. Kisha akaenda zake, na hakurudi tena. Hata leo hunishangaza. Kampuni ilikuwa imelala chali, haikuweza kulipa watu wake, lakini mtu mzima aliona mkanda wa kijani akaamini kwamba Kampuni imeamua. Tulikuwa tumelelewa hivyo. Neno la mtu tungelibishia, ukuta hatukuubishia.

Tatizo ni kwamba majirani wengine nao waliuamini ukuta. Habari ilienea kanisani na kisimani kwamba mwalimu amekula nyumba ya vwazini wake. Wanawake wa kwaya waliacha kumwachia nafasi kwenye benchi. Baba aliogopa, na woga wake ulitoka kama hasira.

"Ile ni wizi," alimwambia.

"Wizi ni kulala mu kitanda ya bengine. Ulisha kuniona nalala kule?"

"Bantu banasema."

"Baseme. Beko na kazi gani ingine?"

Hakulala kule hata mara moja, hilo ni kweli. Lakini tulilima matembele na mihogo katika lupango ya jirani, kile kiwanja kilichozunguka nyumba, na tulianika mahindi yetu sebuleni mwake. Ninaandika hivyo kwa sababu tulikula, na njaa ya miaka ile haikuwa ya kuchagua. Mtu aliyetaka kumshitaki mama alikuwa na pa kuanzia.

Kila mwaka, mvua zilipokwisha, alitembea kuzunguka nyumba ya jirani akitafuta mahali pa kuziba. Mkanda uliobabuka ulikuwa hatari, kwa sababu nyumba isiyotunzwa huanza tena kuonekana haina mtu. Lakini hapakuwa na rangi nyingine ya kununua yenye kijani kile. Ilibidi mabaki yadumu, na ili yadumu ilibidi yasife. Hapo ndipo nilipomwona mama katika ubora wake.

Adui wa rangi, alisema, ni hewa. Rangi ikipungua katika kopo kubwa, aliihamishia katika kopo la maziwa ya unga, mpaka ukingoni, ili hewa isipate kiti. Chini ya kifuniko alitandaza kipande cha plastiki. Alilaza kibao juu ya kifuniko akagonga kibao, kwani ukigonga kifuniko chenyewe kinapinda. Juu alipaka tone la rangi iliyomo ndani, asije akafungua kopo kwa kutaka tu kujua. Kila mwezi mpya aliyapindua makopo, mara kichwa chini, mara wima, ili uzito usigande upande mmoja. Hakuyaweka karibu na bati wala karibu na jiko.

Alijua pia kutofautisha usingizi na kifo. Rangi ya maji hufa waziwazi: kifuniko kinavimba, na ukikifungua unapata harufu ya yai bovu. Hiyo haina dawa, na ukiipaka, harufu inahamia ukutani na kukaa nawe. Rangi ya mafuta inaota ngozi, na ngozi huwaogopesha watu wakatupa kopo zima. Mama aliikata ngozi pembeni kwa kisu, akaitoa nzima, akakoroga polepole kutoka chini, akachuja kwa soksi yake ya nailoni ya enzi za mshahara. Kama kijiti cha kukorogea kilizama na kilichopanda kilichanganyika, rangi ilikuwa hai. Kama chini palikuwa kama bukari ya jana, ugali wetu, inayokatika vipande na kukataa kurudi kuwa uji, ilikuwa imekufa. Akiwa na shaka alipaka juu ya kipande cha tofali, akangoja mpaka kesho, akasugua kwa kidole. Rangi iliyonata au iliyotoa unga haikugusa ukuta wa jirani.

Hakuwa sahihi katika yote. Aliamini kwamba punje za chumvi huzuia rangi ya maji isioze. Haizuii. Nilimwona akitupa kopo zima alilolitia chumvi, amefunika pua, na wiki iliyofuata akatia chumvi katika lingine. Nilipomuuliza kwa nini, alisema pengine ile ya kwanza ilikuwa chumvi mbaya.

Makopo mawili ya jirani yalikaa pembeni, nta yake haijaguswa. Aliyapindua kama mengine, akayafuta kutu, basi. Nilipokuwa likizo kutoka Lubumbashi, nimejaa vifungu vya sheria na haraka ya kuvitumia, nilimweka kizimbani jikoni mwake.

"Mama, umetumia kijani yetu kwa nyumba yake. Ju ya nini hautumie nyekundu yake kwa nyumba yetu?"

"Haiko ya nyumba yetu."

"Na kijani ilikuwa ya nyumba yake?"

"Avoka," aliniita, yaani wakili, "koroga mboga ya sombe, inaungua."

Mwaka huo kijani ilifika mwisho. Ukuta wetu wa mbele ulikuwa umebabuka vibaya, saruji imeonekana kama kidonda. Kopo lililobaki lingetosha upande mmoja tu wa nyumba moja. Alilichukua, akavuka ua, akapaka nyumba ya jirani. Ukuta wetu ukabaki uchi. Mimi nilisimama mlangoni na kutafuta jibu. La kwanza lililonijia ni kwamba mtu huipamba mali mpya kuliko ya zamani. Lilikuwa jibu zuri, lilishikana na kila nilichokijua, na nililichukua nikarudi nalo chuoni.

Miaka ikapita, vita vikapita, treni zikaanza tena kuleta watu. Asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa nimerudi nyumbani, nilikuwa nafua mbele ya nyumba. Taksi-moto, pikipiki ya abiria, ilisimama barabarani. Mwanamke mrefu aliyekaa nyuma ya dereva alitazama nyumba ya jirani, akatazama yetu, akarudi kutazama ile ya kwanza. Hakushuka. Aliweka kiganja shavuni, akasema kitu kwa dereva, wakaondoka.

Mama aliporudi kutoka shuleni nilimweleza.

"Eko na mwanya?"

"Hakufungua kinywa."

"Na mukono yake iliwekwa hivi?" Akaweka kiganja shavuni, vilevile kabisa.

Jioni mwanamke mmoja wa kwaya alileta habari, haraka kuliko alivyowahi kuleta salamu. Yule mama wa Kasai amerudi, mjane sasa. Amefikia kwa binamu yake, mtaani Kasulo. Anasema vwazini wake alikula nyumba, na kwamba kuila hakukumtosha, aliifuta mpaka rangi.

Mama aliingia chumbani akavuta makopo mawili kutoka chini ya kitanda. La kwanza lilikuwa rangi ya maziwa, rangi ya maji. Kifuniko kilikuwa kimevimba hata nta imepasuka yenyewe. Alilipeleka uani, akalitoboa kidogo, na harufu iliyotoka iliwafanya mbuzi wa njiani waondoke. "Hii ilikufa," alisema, akalizika nyuma ya nyumba kama mnyama. Lile la pili, la nyekundu, alilitikisa karibu na sikio lake. Kisha akalitikisa karibu na langu. Kitu kizito kilisogea ndani. Sikuweza kusema kama ni kimiminika au bonge.

"Fungua hapa kwanza," nilimwambia. "Kama imekufa, usiibebe. Mtu haleti mbele ya jaji kitu ambacho hajakitazama."

"Nikifungua hapa, atajuaje kama sikuifungua kila mwaka?"

"Na kama imeoza?"

"Sikumuambia ntaichunga. Nilimuambia ntaipindua, isikufe. Ikikufa, nitasema ilikufa."

Niliuona mzani wake. Nta isiyoguswa ingeonyesha kwamba hakuiba. Lakini kuonyesha kwamba hukuiba ni kitu kidogo, hata ukuta hauibi. Yeye aliahidi kuiweka hai, na baada ya miaka yote ile hakujua zaidi yangu kilichokuwa ndani.

Tulichukua taksi-moto mbili asubuhi iliyofuata. Alilishika kopo mapajani njia nzima. Kasulo ilikuwa bado Kasulo ya kawaida, kabla watu hawajaanza kuchimba chini ya vitanda vyao kutafuta kobalti. Tulimkuta jirani uani kwa binamu yake, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Alikuwa amezeeka kuliko mama. Hakusimama.

"Karibu, mama mwenye nyumba mbili."

"Aksanti, vwazini."

"Viti hakuna. Siye bantu ba stesheni tunakaaka chini."

Mama akakaa chini, juu ya udongo, na gauni lake la kanisani.

"Balinifukuza mara moja," jirani alisema, akiongea na maharage. "Narudia, nakuta weye umenifukuza mara ya mbili. Na kijani! Bwana yangu alifanya kazi mpaka grade ya nyekundu, weye ukamushusha akiwa kaburini."

Mama alilipindua kopo, akaliweka wima katikati yao. "Fungua."

"Nifungue nini?"

"Nta ya bugi ni yako. Mukono ya kuifungua nayo ni yako."

Jirani aliliinamia. Alipitisha kidole kwenye nta yote, polepole, mzunguko mzima, na nilimwona anatambua mahali alipoimwaga vibaya kwa haraka ya siku ile. Alimwomba binamu yake kijiko. Akatia mkia wa kijiko chini ya kifuniko, akainua kidogo huku, kidogo huku. Nta ilidondoka vipande vipande. Kifuniko kilikataa, kikalia, kikaachia.

Ndani kulikuwa na ngozi, ya kahawia, iliyokunjamana. Mimi nilidhani tumeshindwa. Jirani akasukuma ngozi kwa kijiko, nayo ikazama pembeni, nyembamba kama ya maziwa yaliyochemshwa, na chini yake pakatokea nyekundu inayong'aa. Alikoroga. Kwanza ilikuwa nzito, mkono wake ulifanya kazi. Kisha ikakubali. Aliinua kijiko, na rangi ikashuka kwa uzi mmoja mrefu usiokatika.

Alisimama, akapaka mstari kwenye tofali la ukuta wa binamu yake. Tulikaa tukiutazama mstari ule.

"Haukuipakaa hata kwa choo," jirani alisema.

"Uliniambia nisipakae."

Na kile kicheko kilichokatika kwenye ua kikaendelea kutoka pale pale. Walicheka mpaka maharage yakamwagika. Baadaye mama alieleza juu ya yule mwanamume wa safu ya nyuma, juu ya kijani, juu ya mihogo tuliyokula, akautoa ufunguo kwenye pindo la kitenge. Lakini maelezo hayo yalikuja wakati hayahitajiki tena. Mambo ya hati yalikuja pia, ya kuchosha, nami nilisaidia nilivyoweza. Jirani aliyapigania akiwa amelala ndani ya nyumba yake, na hilo hubadilisha kesi yoyote.

Mimi bado nilikuwa na swali langu. Nilimwuliza mama tukiwa peke yetu, kama alikuwa hajawahi kufikiria kuichukua nyumba. Nilitegemea aape.

"Nilifikiria," alisema. "Mwaka ya kwanza hapana. Nyuma, ndiyo. Batoto beko wakubwa, tunalala tunabanana, na nyumba iko pale. Nilifikiria mara mingi."

"Sasa?"

"Nikifikiria, nilikuwa naenda kupindua kopo."

Nimesoma hukumu nyingi tangu siku ile, na watu wengi waadilifu wamenielezea uadilifu wao. Sijasikia maelezo yanayonitosha kama hayo. Angeniambia hakuwahi kutamani, nisingemwamini.

Tulipaka wote watatu. Nyekundu ilitosha mbele na upande wa barabara. Upande unaotazama kwetu ulibaki kijani, na jirani alikataa kununua rangi mpya kuumalizia. Alisema upande wa kwetu ubaki wa kwetu, na wapita njia wajiulize yeye ni wa grade gani. Ndani ya kopo ilibaki rangi kidogo, vidole viwili hivi. Mama aliihamishia katika kopo dogo la maziwa, akatandaza plastiki, akagonga kibao juu ya kifuniko. Kwa mazoea akalitia kwapani akaanza kuelekea kwenye ua.

"We! Unaenda wapi na ile?"

"Kuiweka. Kwangu kuko baridi."

"Lete hapa. Inabakia munyumba. Njo desturi."

Mama alirudi. Waliingia wote wawili kutafuta mahali penye kivuli, na kutoka uani nilimsikia mama akisema si hapo, hapo bati linachoma, na jirani akimwuliza tangu lini watu wa kijani wanawafundisha watu wa nyekundu kuweka vitu.